UDAKTARI HUANZIA MAABARA YA KIDATO CHA TATU

Wenzangu wengi katika jarida letu la mwaka huu wameandika juu ya nidhamu, mazingira na mapenzi ya shuleni. Mimi nimechagua udaktari, na hasa masomo ya sayansi yanayompeleka mwanafunzi huko. Najua kuna watakaosema, "Huyu naye, jarida la Kiswahili na kemia, wapi na wapi?" Naomba wanivumilie. Kabla ya kumaliza wataona kwamba Kiswahili nacho kimo ndani ya habari hii, tena hakikuingizwa kwa kubembelezwa.

Muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi, awe wa Maua au wa Siakago, akikua atakuwa nani. Watatu wa kwanza watakujibu daktari, rubani na mwalimu, na huyo wa ualimu ni kwa sababu mwalimu wake amesimama hapo karibu. Warudie watoto hao hao wakifika kidato cha tatu. Utasikia kimya, ji! Mmoja atasema "tutaona", mwingine atasema "hiyo ni ya watu wa shule kubwa kubwa". Basi hao madaktari wote wamepotelea wapi? Jibu tunalopewa kila siku ni kwamba hawakuwa na kichwa cha sayansi. Mimi jibu hilo nalipinga. Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatushindwi na sayansi, ila tunafungiwa mlango kabla ya kuijaribu. Tunafungiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni pale tunapochagua masomo bila kuelezwa kila somo linatupeleka wapi. Mara ya pili ni pale maabara inapotiwa kufuli mpaka mtihani ubishe hodi.

NJIA IMEKUWA FUPI

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Zamani njia ya udaktari kwa mtoto wa huku kwetu ilikuwa ndefu ajabu. Hospitali ya Chogoria ilianza mwaka 1922 chini ya wamisheni Waskoti, na daktari wake, Archibald Irvine, alitoka ng'ambo. Mkenya Mwafrika aliyetaka kusomea udaktari hapa Afrika Mashariki alilazimika kuvuka mpaka aende Makerere, Uganda, ambako masomo hayo yalianza katika miaka ya 1920. Nairobi haikuwa na shule ya udaktari hadi mwaka 1967. Fikiria mtu atoke kwenye miteremko ya Mlima Kenya hadi Kampala kutafuta elimu hiyo!

Leo mambo yamebadilika. Vyuo vinavyofundisha udaktari nchini vimeongezeka: Nairobi, Moi, Kenyatta, Maseno, Egerton na vinginevyo. Hapa hapa Meru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, ambacho wengi wetu twakijua kwa jina la KeMU, kina shule ya udaktari. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina kampasi Meru na Embu. Pale Chuka chuo kikuu kinafundisha uuguzi. Mtoto wa Nkubu au wa Runyenjes anaweza kuifikia elimu ya afya kwa nauli ya matatu. Kwa hakika njia imekuwa fupi, na hatuna budi kushukuru.

Lakini kuna kipande kimoja cha njia hiyo kilichokatwa, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi alisoma kidato cha tano na cha sita akizama katika masomo machache tu, ndipo aende chuo kikuu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989, na mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 wakaingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Jirani zetu wa Tanzania na Uganda bado wanavyo vidato hivyo viwili. Mtanzania anayetaka udaktari husoma kwa kawaida mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kwa miaka miwili mizima baada ya kidato cha nne. Sisi hatuna miaka hiyo. Mkenya akitoka kidato cha nne huingia chuoni na mara hiyo hukabidhiwa anatomia, fiziolojia na biokemia. Atakaa huko takriban miaka sita, kisha mwaka mwingine wa kazi hospitalini chini ya uangalizi, ndipo aitwe daktari kamili.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kidato cha tatu na cha nne ndivyo kidato chetu cha tano na cha sita. Maabara ya shule yetu ndiyo maabara ya mwisho kabla ya chumba cha kupasulia maiti cha chuo kikuu. Ikiwa maabara hiyo imefungwa, njia fupi ina faida gani?

MASOMO MANNE, NA UVUMI MWINGI

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa masomo. Hapa pana uvumi mwingi kuliko ukweli, kwa hivyo naomba msomaji anisikilize vizuri. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, kwa mwombaji wa udaktari hutazama masomo manne. La kwanza ni biolojia. La pili ni kemia. La tatu ni hisabati au fizikia. La nne ni Kiingereza au Kiswahili. Kiwango cha chini ni B katika kila moja. Nasema cha chini, kwa maana nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi, na wanaofaulu kuzipata aghalabu huwa na A na A-.

Hebu yatazame tena masomo hayo manne. Hisabati na fizikia zinaweza kushikiana nafasi. Kiingereza na Kiswahili vinaweza kushikiana nafasi. Lakini biolojia na kemia hazina badala. Ukiacha moja kati ya hizo mbili, umeaga udaktari, hata kama utapata A tupu katika mengine yote.

Huko darasani tunaambizana nini? Wasichana huambiwa, "Bila fizikia huwezi kuwa daktari, na fizikia hamuiwezi, kwa hivyo sahau." Kumbe mwenye hisabati nzuri bado ana nafasi yake! Wavulana nao huambiana, "Biolojia ni ya wasichana, mwanamume achukue fizikia na kemia." Wanaicheka biolojia, wanaiacha, na baadaye wanashangaa. Kijana mmoja jirani yetu alimaliza shule miaka michache iliyopita. Fizikia alipata A, kemia A, hisabati A. Kijiji kizima kikaanza kumwita daktari, na mama yake akawa haamkiwi ila kwa jina la mama daktari. Siku ya kujaza fomu za chuo ndipo ilipojulikana kwamba biolojia aliiacha kidato cha pili. Shuleni kwake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba somo hilo halina badala. Sasa anasomea uhandisi, na sisemi uhandisi ni kazi mbaya, la. Ninachosema ni kwamba uhandisi hakuuchagua yeye. Ulichaguliwa na uvumi.

Hata anayelenga KMTC asidhani ameepuka jambo hili. Muuguzi naye huulizwa biolojia kabla ya kupokelewa.

Hapa sisi wa kidato cha tatu tuna jambo la haraka kuliko wengine wote. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho katika 8-4-4. Mtihani wetu wa KCSE utakuwa mwaka 2027. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili, kuna Gredi ya 10. Zamani mtu aliyekosea masomo au aliyefeli aliweza kurudi nyuma mwaka mmoja, akakaa na wadogo zake, akavumilia kuchekwa, akafanya tena. Sisi tukitazama nyuma hatuoni darasa la kurudia. Majina yetu na masomo yetu yatasajiliwa na Baraza la Mitihani mwanzoni mwa mwaka ujao tukiwa kidato cha nne. Baada ya hapo, maji yakimwagika hayazoleki. Kama kuna mwenzetu aliyeacha biolojia kwa sababu ya kuchekwa na huku moyo wake uko hospitalini, hii ndiyo miezi yake ya mwisho ya kumwendea mwalimu. Atakuwa na kazi ya kufidia, ndiyo, kwa sababu mada za uzazi, ikolojia na uainishaji tumezisoma yeye akiwa darasa jingine. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa miezi michache si sawa na kujuta kwa miaka arobaini.

KWA NINI MAABARA?

Kuna watakaosema kwamba vitabu vinatosha, kwamba mtu anaweza kukariri yote. Katika KCSE kila sayansi ina karatasi tatu. Mbili ni za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ni ya majaribio yenye alama 40. Kwa hivyo hata anayetafuta gredi tu, asiyejali udaktari, hawezi kuidharau maabara. Lakini mimi sitaki kuzungumzia alama peke yake. Nataka kuonyesha kwamba yale tunayoyafanya maabarani, au tuseme yale tunayopaswa kuyafanya, ndiyo udaktari wenyewe ukiwa bado mdogo.

Chukua osmosisi. Sote tuliikariri kidato cha kwanza, maji hutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito kupitia utando. Ukimuuliza mwanafunzi ina faida gani, atakuambia ni ya mtihani. Haya, kata vipande viwili vya kiazi cha Kibirichia vinavyolingana. Kimoja kitie kwenye maji matupu na kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi, uviache kwa saa moja. Cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitalegea kama kitambaa. Sasa fikiria kwamba badala ya kiazi una seli nyekundu za damu. Ukizitia kwenye maji matupu zitavimba na kupasuka. Ukizitia kwenye maji yenye chumvi nyingi zitanyauka. Ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa hatiwi maji ya bomba mshipani. Anatiwa dripu yenye gramu 9 za chumvi katika kila lita 1 ya maji. Kiazi kile kimekufundisha kwa nini dripu ina chumvi, na hukuhitaji kwenda Nairobi.

Usiishie hapo. Kidato cha tatu tunasoma moli, na kila mtu anailalamikia. Haya, chukua zile gramu 9. Sodiamu ni 23, klorini ni 35.5, jumla 58.5. Gawanya 9 kwa 58.5 upate moli 0.154 hivi kwa lita. Hesabu hiyo hiyo tunayoiogopa ndiyo ya chupa inayoning'inia juu ya kitanda cha mgonjwa. Mfamasia akikosea nukta moja tu, chumvi inakuwa mara kumi. Nani basi atasema moli ni ya mtihani?

Tena kuna myeyusho wa Benedict. Tunautia kwenye chakula, tunapasha moto, tunaangalia kama rangi ya samawati itageuka kijani, manjano hadi nyekundu ya tofali. Kabla vijikaratasi vya kupimia mkojo havijaenea, hospitali zilitumia myeyusho huo huo kutafuta sukari kwenye mkojo wa mtu anayeshukiwa kuwa na kisukari. Kichupa chetu cha majaribio ni mjukuu wa hospitali.

Fizikia nayo isionewe. Hata kama KUCCPS inakubali hisabati mahali pake, mwenye kuisoma anafaidika. Kidato cha nne kuna mada ya lenzi nyembamba, na humo mna jicho la mwanadamu na sababu ya mtu kutoona mbali. Kuna mada nzima ya eksirei. Sindano ya daktari inavuta dawa kwa kanuni ya shinikizo tuliyoisoma kidato cha kwanza.

Lakini kubwa kuliko yote ni mkono. Titresheni inamfundisha mtu kufungua bureti tone kwa tone, macho yakiwa usawa wa alama, na kuacha pale pale rangi inapobadilika. Tone moja likizidi, kazi imeharibika na lazima urudie. Tena inakufundisha kuandika ulichokiona, si ulichotaka kukiona. Mwanafunzi anayenakili majibu ya jirani maabarani anapata alama mbili tatu. Daktari anayeandika joto la mgonjwa bila kulipima anaua mtu. Tabia hiyo haijengwi kwa kukariri. Samaki mkunje angali mbichi.

Hali ilivyo ni ipi? Darasa letu limeshika bureti mara za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mara tulikuwa watu wanane kwa bureti moja. Mmoja anashika, wawili wanatazama, watano wanazungumza habari za mpira. Hadubini tumeiona ikiwa ndani ya kabati. Kisha kidato cha nne, baada ya mtihani wa majaribio, milango inafunguliwa kwa fujo, watu wanafundishwa mambo ya miaka minne kwa wiki sita. Hapo ndipo vifaa vinapovunjika, mikono inatetemeka, halafu tunaambiwa hatuna kichwa cha sayansi. Jamani! Mtu atajuaje kuogelea kama mto anaonyeshwa siku ya mashindano?

MAJIBU KWA WATAKAOPINGA

Mgala muue na haki umpe. Wale wasiokubaliana nami wana hoja zao, na ningependa kuzijibu moja baada ya nyingine.

Wa kwanza watasema, "Vifaa ni ghali na shule ya kutwa haina pesa." Ni kweli. Serikali ilianza kugharamia masomo ya shule za kutwa mwaka 2008, na kiwango kilichopangwa tangu 2018 ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Pesa hizo zina kazi nyingi na mara nyingi huchelewa. Lakini si kila jaribio linahitaji pesa nyingi. Kiazi tumekwisha kukiona. Figo la mbuzi na moyo wa ng'ombe vinauzwa buchani sokoni. Ukipasua moyo huo utaona kwa macho yako vali zake, na utaona kwamba ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu ndio unaosukuma damu mwili mzima. Mchoro wa ubaoni hauwezi kukuonyesha hivyo. Kidole juu ya kifundo cha mkono na saa ya ukutani vinatosha kuhesabu mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia uwanjani. Chupa ya plastiki na puto mbili zinatosha kutengeneza mfano wa mapafu. Hata mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani ili kuimarisha hisabati na sayansi, uliwahimiza walimu watumie vifaa vya kujitengenezea. Kwa hivyo si jambo geni, ni jambo tulilolisahau.

Wa pili watasema, "Wanafunzi watavunja vifaa." Kweli, vingine vitavunjika. Lakini bureti inayokaa kabatini miaka kumi bila kuguswa ina tofauti gani na iliyovunjika? Na anayevunja sana ni yule asiyezoea.

Wa tatu, na hawa ndio wenye hoja nzito, watasema, "Shule inahitaji wastani mzuri. Mwanafunzi dhaifu akichukua sayansi zote tatu atavuta wastani chini." Nawaelewa walimu wetu. Najua matokeo yakitoka wazazi huuliza wastani, na shule yenye wastani mbaya hukosa wanafunzi. Wala sisemi kila mtu achukue sayansi tatu. Mwenzangu anayependa historia na biashara ana haki ya kuzifuata, na nchi inamhitaji. Ninalosema ni kwamba mtu asiondolewe kwenye somo kabla ya kupewa nafasi ya kulishika kwa mikono. Alama za karatasi za kidato cha pili, za mtu ambaye hajawahi kugusa kifaa, zinapima nini hasa? Zinapima kukariri.

Wa nne ni sisi wenyewe wanafunzi wa kutwa. Tunasema hatuna wakati. Ni kweli vilevile. Mwenzetu wa bweni anatoka kwenye prepu anaingia kitandani. Sisi tunatoka shuleni saa kumi na moja, kuna nyasi ya ng'ombe, kuna maji ya kuteka, wengine kuna kahawa ya kuchuma, na usiku taa moja watu watano. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nidai maabara ifunguliwe. Kitabu naweza kukisoma nyumbani kando ya jiko. Bureti siwezi kuipeleka nyumbani. Kama sikuishika shuleni, basi sitaishika popote.

KISWAHILI KIMO

Nilisema Kiswahili kimo, na sasa nalipa deni langu. Kwanza kimo katika hesabu, kama nilivyoeleza. Mwenye B katika Kiswahili ana la nne lake. Wale wanaokidharau wakisema hakina kazi katika sayansi, waambieni KUCCPS haioni hivyo.

Pili, na hili ndilo kubwa, kimo hospitalini. Daktari aliyezaliwa Kisumu akipangiwa kazi Meru au Embu hajui Kimeru wala Kiembu. Mgonjwa wake, bibi wa miaka sabini, hajui Kiingereza. Lugha iliyobaki kati yao ni Kiswahili. Bibi atasema, "Daktari, kifua kinanibana." Atasema, "Moyo unanienda mbio." Atasema, "Tumbo linanikata," au "Tumbo linaendesha," au "Tumbo limejaa." Hayo matatu ya tumbo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Asiyejua tofauti atatibu ugonjwa mwingine. Halafu naye atampa maelezo: kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Akiyasema vibaya, bibi atameza vyote kwa mara moja. Kwa hivyo sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tusijione tumekaa upande wa pili wa ukuta. Ufahamu na ufupisho tunaoufanya darasani, kusikiliza maelezo marefu ya mtu na kutoa kiini chake, ndiyo kazi ya kwanza ya daktari kabla hajashika kifaa chochote.

NINAYOPENDEKEZA

Kulalamika bila kupendekeza ni kupiga kelele, kwa hivyo naleta mapendekezo manne mbele ya walimu wetu na halmashauri ya shule.

Kwanza, kabla ya usajili wa mwaka ujao, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwe na mwalimu mshauri aulizwe anataka kufanya kazi gani, kisha aonyeshwe masomo yake yanaruhusu au hayaruhusu. Dakika kumi kwa kila mmoja zitatosha. Na karatasi yenye masomo yanayotakiwa kwa kila kazi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo uvumi hauwezi kuifuta.

Pili, maabara ifunguliwe Jumamosi asubuhi, hata kama ni mbili tu kwa mwezi, chini ya mwalimu mmoja na fundi wa maabara. Sisi tutasafisha, tutaosha vyombo, na kila kikundi kitaandika jina lake daftarini, ili kitakachovunjika kijulikane kimevunjwa na nani.

Tatu, watu wanne kwa bureti moja, wasizidi. Kama bureti hazitoshi, darasa ligawanywe mara mbili. Afadhali jaribio moja nililolifanya mwenyewe kuliko manne niliyoyatazama kwa nyuma ya kichwa cha mtu.

Nne, tusiwasahau wadogo zetu wa Gredi ya 10. Wao waliambiwa wachague njia wakiwa bado Gredi ya 9, ama sayansi na teknolojia, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Walichagua kabla hata ya kuona maabara ya shule hii. Waliochagua sayansi waingizwe maabarani tangu muhula wa kwanza. Ikiwa tutawafungia kama sisi tulivyofungiwa, mfumo utakuwa umebadilika jina na kufuli itakuwa ile ile.

Nawashukuru walimu wetu, maana wachache mlio nao wa sayansi mnabeba mzigo wa watu wengi, na hili ninaloliandika si kuwashambulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunauona ufa. Na kwenu wenzangu wa kidato cha tatu, kabla ya mwezi wa usajili kila mmoja ajiulize swali moja: masomo niliyo nayo niliyachagua mimi, au niliyachaguliwa na woga, vicheko na mlango uliofungwa? Akipata jibu, aende ofisini akamwone mwalimu. Asingoje tuitwe.